Mafunjo hayako hatarini, basi tukaushe vinamasi? Tujadili

Mleta mada, Entebbe

Ndugu zangu, kuna hoja imezagaa hapa Uganda kwenye vikao vya LC (mabaraza ya mitaa) na redioni, nami naona bora tuijadili waziwazi. Inasema hivi: mafunjo yamewekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, katika orodha yake ya viumbe, kwenye kundi la mimea isiyotia wasiwasi wa kutoweka, kwa hiyo hakuna sababu ya kumzuia mwananchi kukausha kinamasi akalima.

Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Mmea huu umeenea sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki mpaka Madagaska, na ukiukata unachipua. Lakini orodha ile hupima mmea kwa ujumla wake duniani, haipimi kinamasi cha Lubigi pale Kampala wala cha Lwera kwenye barabara ya Masaka. Tazameni Misri. Wao ndio walioutengenezea karatasi ukapata jina, na bado ulipotea kwao hata ikawa habari kwa wataalamu wa mimea ulipoonekana tena ukiota wenyewe mwaka 1968.

Kisha angalieni nani anaishi humo. Kuna ndege mweusi mgongoni, kifua chekundu, utosi wa manjano, ambaye ni nadra kumwona nje ya mafunjo. Orodha ileile inayosema mafunjo ni salama inasema ndege huyu anakaribia hatari. Nyumba salama, mpangaji mashakani, kwa sababu yeye anahitaji mafunjo mapana yaliyosongamana, si mashina mawili matatu kando ya shamba. Nzohe, yule swala wa vinamasini, naye anahitaji mafunjo hayohayo.

Na sisi wa mjini tunakunywa nini? Maji machafu ya Kampala hupitia kinamasi cha Nakivubo yakienda Ghuba ya Murchison, na ghuba hiyohiyo ndiyo inayochotwa maji ya kunywa pale Ggaba. Mafunjo yanayoelea huning'iniza mizizi majini; maji yakipita polepole, uchafu mwingi unanaswa. Chimba mitaro, panda magimbi, uone: maji yanakimbilia ziwani jinsi yalivyotoka mjini.

Kwa takwimu za serikali, ardhioevu ilikuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994. Sasa ni chini ya 10.

Msimamo wangu: mwenye panga la kukata mafunjo aachwe, mwenye jembe la kuchimba mtaro azuiwe. Tatizo letu ni kwamba wote wawili tunawaita wavamizi.

Mkulima wa mpunga, Butaleja

Mleta mada, nakuheshimu, lakini jembe hilo la mtaro tulipewa na nani? Mradi wa mpunga wa Doho ulianzishwa na serikali yenyewe miaka ya 1970. Ilichimba mifereji kutoka Mto Manafwa, ikatuita tulime. Baba yangu aliitika. Leo serikali hiyohiyo inasema mpunga wa kinamasini ni dhambi, tuhamie mpunga wa nchi kavu. Huo unategemea mvua, na mvua za siku hizi mnazijua.

Ndege wako mzuri, sina ugomvi naye. Ila karo ya shule hailipwi kwa utosi wa manjano. Halafu tuambiane ukweli: Juni 2024 nyumba zilivunjwa Lubigi, watu wakalala nje na magodoro yao. Je, viwanda na maghala yaliyojengwa kinamasini yenye hati mkononi yalivunjwa yote? Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashika ardhioevu kwa niaba ya wananchi. Mbona sisi ndio tunaofukuzwa kwa niaba yetu wenyewe?

Afande mstaafu, Jinja

Mnasahau Aprili 2020. Kisiwa cha majani na udongo kilielea hadi kwenye bwawa la umeme hapa kwetu, kikaziba mitambo, nchi nzima gizani. Na hayo mafunjo tuyalinde pia?

Mfuma mikeka, barabara ya Masaka

Wanangu, mimi nakata mafunjo tangu nikiwa msichana. Unaingia maji yakikufika mapajani, unashika shina lenye pembe tatu, unalikata chini kabisa, lile changa unaliacha. Nyumbani unalipasua kwa kisu, unaanika, ndipo unafuma. Nikikata upande huu mwaka huu, mwakani narudi nakuta yamefunga tena. Mtaro ukishapita hapo, narudi nakuta nini? Vumbi na magimbi ya mtu.

Lakini askari wa mazingira akija, huwa ananikuta mimi na mzigo kichwani. Mwenye greda hayupo, kamwachia dereva.

Mleta mada, Entebbe

Asante, mama, umelisema vizuri kuliko mimi.

Afande, mwaka ule Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja mwezi Mei, likapita rekodi ya 1964. Mkeka wa mizizi ya mafunjo huelea, unapanda na kushuka na maji. Ukiwa mpana na umeshikana na ufuko unavumilia. Ukishakatwakatwa kingo zake kwa mashamba na gati za mahoteli, maji yakipanda na upepo ukivuma unang'oka vipande vipande. Kwa hiyo ndiyo, tuyalinde, hasa kingo zake.

Ndugu wa Butaleja, Doho ibaki. Sitaki mtu akufukuze mahali serikali ilipokuweka. Ninachokataa ni kila mtu kusogeza mtaro wake mita chache zaidi kila msimu hadi Manafwa ikose pa kutulia, halafu mafuriko yaingie kwenye mpunga wako wewe. Kuhusu hati nakuunga mkono bila masharti. Serikali ilitangaza kufuta hati za ardhioevu zilizotolewa baada ya Katiba ya 1995. Ianze na kubwa, orodha ibandikwe ukutani makao makuu ya wilaya, kila mtu aisome.

Mkulima wa mpunga, Butaleja

Ikibandikwa, nitaacha kusogeza mtaro. Kabla ya hapo, hapana.

Dereva wa lori, Masaka

Na wachimba mchanga wa Lwera mmewaweka kundi gani, la panga au la jembe? Mei 2023 daraja la Mto Katonga, kwenye barabara ya Kampala hadi Masaka, lilikatika, tukazungukia Mpigi na Sembabule na mizigo inaoza. Wapo wanaosema mchanga ulichangia, wapo wanaokataa. Mimi nataka jibu la mtaalamu wa maji kabla hatujaendelea na mambo ya ndege.