Simba wa 1998 si Simba wa 1994, wametuharibia!

Jamani wapenzi wa katuni hapa Mombasa, hili haliwezi kunyamaziwa. The Lion King ya 1994 ilitupa Simba tukampenda. Simba's Pride ya 1998, iliyotolewa kwa kanda za video bila kupitia sinema, imetuletea mfalme mwengine kabisa. Sauti ni ileile ya Matthew Broderick, kwa hivyo masikio yanadanganyika. Moyo sio.

Rudieni mwisho wa ile ya kwanza. Scar, ami yake, amebanwa ukingoni na keshakiri kumuua Mufasa, babake Simba. Simba angeweza kumrarua palepale. Hakumrarua. Alimwambia atoroke asirudi tena, maneno yaleyale aliyoambiwa yeye utotoni na Scar. Scar ndiye aliyemrushia makaa usoni wakapigana, na fisi ndio waliommaliza. Huyo ndiye Simba tunayemjua: mtoto aliyebebeshwa kosa lisilo lake, akakulia ugenini akila wadudu, akarudi, na bado akamwachia njia muuaji wa babake.

Sasa tazameni ya pili. Hadithi haijaanza vizuri, tunaambiwa Simba alishamfukuza Zira, simba jike mfuasi wa Scar, na wenziwe wakaishi kwenye nchi kavu ya vichuguu vya mchwa. Na watoto wao pia! Kovu, mwanawe Zira, alikuwa kichanga. Si mtoto wa Scar hata kidogo, alichaguliwa tu na Scar kuwa mrithi wake. Aliyeonja kufukuzwa akiwa mdogo anamfanyia hivyo mtoto wa mwenzake, na filamu haioni haja hata ya kutuonyesha siku yenyewe. Isitoshe, kwenye ile ya kwanza simba wa kike walikuwa wakifa njaa chini ya Scar na hatukumwona hata mmoja anayemtetea. Hawa wafuasi wake wametoka wapi?

Linalokera zaidi liko baadaye. Kovu anamwokoa Kiara, binti wa Simba, motoni, Simba anamlaza nje ya pango. Sawa, ana hofu. Kisha anatembea naye penye majivu, anayapangua kwa kiganja, chini yake mna chipukizi la kijani. Anamwambia kinachobaki baada ya moto chaweza kukua kikawa bora kuliko cha kwanza kikipewa nafasi. Hapo nusura niwasamehe waandishi, maana huyo ni Simba wetu kabisa. Papo hapo Zira anavamia, Simba anaponea chupuchupu, na Kovu anapokuja kujieleza hasikilizwi. Anafukuzwa huku wanyama wote wakimzomea kwa wimbo. Majivu hayajapoa miguuni, na chipukizi keshalisahau! Mpaka Kiara asimame katikati ya vita amfundishe babake kuwa hao wengine ni simba kama wao. Somo hilo Simba alishalilipia kwa utoto wake wote.

Mngemwacha awe na hofu, lakini amsikilize Kovu kwanza, halafu akosee kwa kumwamini Zira au kwa kushindwa kuwatuliza watu wake. Kosa la namna hiyo lingekuwa lake.

Na kwa lugha wamelegea vilevile. Kamusi waliifungua: Kovu, Nuka, Vitani, Zira, majina yote yana maana na yanawakaa wenyewe. Kisha wimbo mzima wa mapenzi wakauita "Upendi". Neno hilo halipo, ni upendo. Mtoto yeyote wa Majengo au Kibokoni akilisikia atasikia "hupendi". Kovu na Kiara wanapelekwa na Rafiki, yule nyani mzee, kwenye nchi ya mapenzi, na sikio la Mswahili linaambiwa hupendi, hupendi!

Halafu Sarabi, mamake Simba. Aliyemwambia Scar usoni kuwa hafiki hata nusu ya Mufasa, akapigwa kofi kwa hilo. Ndiye pekee ambaye angemketisha mwanawe na kumuuliza, "Wewe ulipofukuzwa ulikuwa na umri gani?" Filamu ya pili haimwonyeshi wala haimtaji. Anayejua alikoenda aseme hapa chini.