Mrejesho: chumba kilichoingia maji Mabatini

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu chumba changu huku Mabatini, Mwanza, Mto Mirongo ulifurika maji yakafika juu ya godoro ukuta wa nyuma ukapasuka, na baba mwenye nyumba akagoma kurudisha kodi. Basi nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa na mkataba, akaja mwenyewe, akaingiza kiganja kwenye ufa kikapita chote! Nikawasomea Sheria ya Ardhi ya 1999, kwamba nyumba ikiharibiwa na mafuriko isikalike na mpangaji hana kosa, kodi inasimama mpaka itengenezwe. Mwenye nyumba kanyamaza kidogo, jana kanirudishia ya miezi minne, laki mbili, maana miwili nilishakaa. Nimepata chumba Nyakato. Asanteni mno aisee, watoto wamelala pakavu.