Diploma ya masafa: nijisomee mwenyewe au nifuate mwalimu? Niko Malaba, kazi ya zamu

BintiMpakani
Wapendwa, salaam. Niko kwa wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, huu mwaka wa sita. Cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala ninacho, ila kila nafasi ya juu ikitangazwa wanataka diploma. Nimepata ya ununuzi na ugavi, ya masafa, yaani unasoma ukiwa mbali na chuo. Chuo kimenipa njia mbili na kinataka jibu kabla ya tarehe 30.

Ya kwanza ni kujisomea. Nalipa shilingi 1,100,000, moduli zote zinafunguliwa siku hiyo hiyo, nasoma ninavyoweza mradi nimalize ndani ya miezi 18. Ya pili ni 1,600,000 kwa awamu mbili. Kuna mkufunzi, darasa ni Jumanne na Alhamisi saa moja hadi saa tatu usiku kwenye Zoom, kila Jumapili unakabidhi kazi, miezi 12 umemaliza.

Moyo unavutwa na ile ya kwanza. Mpaka wetu haulali, malori yakijaa bosi anapiga simu hata ukiwa na roleksi, ile chapati ya mayai, mdomoni. Lakini niseme ukweli: mwaka juzi nilijiandikisha kozi moja ya bure mtandaoni, nikaishia somo la tatu. Mpaka leo wananitumia barua pepe, "tumekukosa". Mume wangu anasema nichukue ya bei nafuu, basi. Nyinyi mliosoma hivi, mlifanyaje?

Dereva_wa_Semi
Dada, pole na kazi, makaratasi yetu yanapita mikononi mwenu. Mimi nilijisomea, na nilisomea ndani ya kebini. Nikiwa Kampala nashusha moduli zote kwa waifai ya mtu, barabarani sihitaji hata MB moja. Januari 2021 mtandao ulipozimwa nchi nzima siku za uchaguzi, nilikuwa nimeegesha Tororo nasoma uhasibu. Rafiki yangu mwenye madarasa ya Zoom alikaa karibu siku tano hajui mwalimu kafundisha nini.

Kwa mtu wa zamu, chukua ya kwanza.

Mwalimu_Mstaafu_Mbale
Dereva, ulimaliza?

Dereva_wa_Semi
Mzee wangu... zimebaki moduli nne.

Mwalimu_Mstaafu_Mbale
Nilijua. Sikucheki, mwanangu, mimi mwenyewe nimepita huko.

Binti, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza digrii za nje, yaani za kusomea nyumbani, mwaka 1991, ya ualimu na ya biashara, nami niliingia miaka ile ya mwanzo nikiwa nafundisha msingi. Tulipewa vijitabu, tukaenda navyo nyumbani, na likizo tunaitwa kwa vipindi vya ana kwa ana. Kifurushi changu nilikiweka juu ya kabati ya vyombo. Kilikaa hapo kikishika moshi wa jiko mpaka wiki mbili kabla ya kuitwa, ndipo nakishusha na taa ya chemli nakesha. Muhula wa kwanza nilifeli karatasi mbili.

Hakuna mkufunzi aliyekuja kuniokoa. Kilichonivusha ni wenzangu wanne wa hapa Mbale. Tulikubaliana kila Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa shule, kila mtu aje na sura moja ya kuwaeleza wengine. Wawili kati yao niliwahi kuwafundisha darasa la saba. Hebu fikiria unafika mbele ya watoto uliowachapa viboko halafu huna la kusema! Nikaanza kukishusha kifurushi mapema.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili tu: ukipotea wiki mbili, nani atakutafuta? Kama kwenye ile ya 1,100,000 hakuna mtu, mtafute mwenyewe kabla hujalipa.

Hajati_wa_Bombo
Mwalimu kasema vizuri, ila asimtishe mama wa watu. Mimi nilifuata mwalimu nikiwa na mtoto wa miezi minne na nikamaliza. Lakini mjue madarasa ya mwalimu si ya namna moja. Kuna yale lazima muwe hewani wote saa ile ile. Kuna mengine mwalimu anaweka somo Jumatatu, mnajadiliana kwa kuandika, kazi unakabidhi mwisho wa wiki, usome saa nane usiku au alfajiri ni shauri yako. Haya ya pili yananifaa mimi, nadhani hata wewe.

Dada yangu alijiunga na chuo cha Marekani bila kuuliza hilo. Darasa saa moja jioni kwao New York, kwetu saa nane usiku. Novemba wakarudisha saa zao nyuma, ikawa saa tisa. Alikuwa anasinzia kazini mpaka mkuu wake akamwuliza kama ana mimba.

Kabla hujachagua, piga simu uulize: darasa linarekodiwa? Rekodi inakaa siku ngapi? Kuhudhuria kuna alama? Ukichelewa Jumapili kwa sababu ya kazi, unakatwa kiasi gani?

Na hesabu ya bando uiweke kwenye ada. Saa moja ya Zoom yenye picha inaweza kula karibu GB nzima. Kuzima kamera yako peke yake hakutoshi, maana picha za wenzako bado zinaingia. Ndani ya programu kuna sehemu ya kuzuia picha zinazoingia, ibonyeze ubaki na sauti. Slaidi omba utumiwe kabla.

MzigoMutukula
Nafuatilia hapa. Zamu zangu ni kama zako.

Kijana_wa_Arua
Mnazungumzia usomaji, mimi nauliza cheti. Dada, ingia kwenye orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu uitafute hiyo diploma yenyewe, usiishie kwenye jina la chuo. Chuo kinaweza kuwa halali na programu haijaidhinishwa, au muda wake wa idhini umekwisha. Angalia pia kama idhini inagusa masomo ya masafa. Binamu yangu aligundua haya siku ya kuombwa transkripti, hati ya matokeo, kazini, na ada alikuwa ameshalipa yote.

Halafu hiyo kozi ya bure isikuvunje moyo. Kozi kubwa za wazi za mtandaoni, wanaozimaliza mara nyingi hawafiki hata 15 katika kila 100. Wengi huingia kuchungulia tu, hakuna pesa iliyotoka mfukoni.

Dereva_wa_Semi
Pesa yangu ilitoka mfukoni na bado nina moduli nne.

BintiMpakani
Nimerudi, na asanteni sana. Programu iko kwenye orodha, idhini yake haijaisha muda, namshukuru wa Arua. Leo nimekaa na yule wa udahili kwenye simu nusu saa nzima.

Hajati, darasa linarekodiwa na rekodi inakaa siku saba. Kuhudhuria ni alama kumi tu. Jumapili haisogei, ila ukiwaandikia kabla ya Ijumaa wanakupa siku mbili. Kilichonishangaza ni kwenye ile ya kujisomea. Kijikaratasi chao kinasema "mtihani ukiwa tayari", kumbe vikao vya mitihani ni viwili tu kwa mwaka, Juni na Desemba. Ukikosa Juni unasubiri. Na ukianza na mwalimu unaruhusiwa kuhamia kujisomea kabla ya mtihani wa kwanza, lakini kutoka kujisomea kwenda kwa mwalimu hawakubali.

Basi nimelipa awamu ya kwanza ya mwalimu. Mume kanuna kidogo, atazoea. Mwenzangu wa ofisi amekubali kunishikia zamu ya Jumanne, nami namshikia Jumamosi usiku. Alhamisi nitasikiliza rekodi. Na Mzee wangu wa Mbale, nimepata mmoja wa Tororo na mmoja wa Busia tulio darasa moja. Mwembe hatuna, tutakutana kwa simu.

Mwalimu_Mstaafu_Mbale
Wa Busia ni mdogo wako au mkubwa?

BintiMpakani
Mdogo, Mzee. Kwa miaka tisa.

Mwalimu_Mstaafu_Mbale
Vizuri sana.

Dereva_wa_Semi
Sasa mimi nikifika mpakani Jumanne saa moja usiku, nani atanipitishia karatasi?

BintiMpakani
Fika saa kumi. Na uje na hizo moduli nne.