Mrejesho: kasuku wangu aliyegoma kula chochote zaidi ya alizeti
Wakuu nimerudi. Niliuliza kuhusu kasuku wangu anayekula mbegu za alizeti tu mpaka manyoya yamefifia, mkaniambia zina mafuta mengi na vitamini A ni kiduchu, nisimkatie ghafla nimchanganyie taratibu. Wiki mbili za kwanza karoti zote alikuwa anazitupa chini, roho iliniuma jamani. Kilichosaidia ni kukaa naye asubuhi natafuna karoti ileile mbele yake, siku moja akanyoosha shingo, akashika kipande kwa mguu mmoja akaanza kukimega, mdomo wote rangi ya chungwa! Sasa na hoho anakula, nampima kila asubuhi na uzito haujashuka. Aliyenionya kuhusu parachichi kuwa ni sumu kwao, asante sana, ilibaki kidogo tu nimpe.