Externality and Institutions ya Papandreou: nakala ipi iliyotumika inafaa?

Bahati_M: Kitabu ni kile cha uchumi cha 1994. Nimebakiwa na nakala tatu za kuchagua moja ya kununua: (a) jalada gumu lililotolewa maktaba, (b) jalada laini lenye mistari ya wino, (c) "mpya", iliyochapwa kwa oda. Nataka kukisoma chote na kukinukuu.

MsomajiTaratibu: Chukua ya maktaba. Mihuri na kibandiko cha mgongoni havigusi maandishi. Udhaifu wake uko kwenye maungio: kitabu kikivutwa rafuni kwa kushikwa kichwa cha mgongo, kitambaa huchanika pale juu, na baadaye jalada huachia. Omba picha ya mgongo kwa juu, ya jalada la mbele likiwa wazi, na ya kurasa za mwisho. Mfuko wa kadi ukibanduliwa kwa nguvu huondoka na karatasi, na fahirisi iko hukohuko nyuma.

Zuhura.K: Hakikisha pia kuna mhuri wa kuondolewa maktabani. Usipokuwepo, muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Kuhusu (c), uliza kimechapwa kutoka faili gani. Faili la asili hutoa herufi kali. Skani hujaza wino kwenye herufi ndogo zinazokaa chini ya alama, mpaka i na j zinafanana. Kwa somo hili hiyo ni hasara kubwa, maana athari ya nje (externality) ndiyo hiyo: kitendo cha mtu j kuingia katika ustawi wa mtu i bila kupitia soko. Usipoweza kuwatofautisha, mlinganyo hausomeki. Picha ya ukurasa wenye milinganyo, iliyopigwa karibu, itakuonyesha.

Mkutubi_wa_Zamu: Hiyo (b) iache. Penseli ingefutika kwa kifutio laini. Wino hautoki, na ule mzito hupenya hadi upande wa pili. Halafu jalada laini la gundi likizeeka, ukilifungua bapa gundi hukatika na kurasa hutoka mojamoja. Tazama ukingo wa juu karibu na mgongo: ukiona mafungu ya karatasi zilizokunjwa, huenda kimeshonwa, na hicho kinadumu.

Bahati_M: Nitafute kwa jina au kwa ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu?

Zuhura.K: ISBN. Ukitumia jina la mwandishi utaletewa vitabu vya baba yake, Andreas Papandreou aliyekuwa waziri mkuu wa Ugiriki, naye pia mchumi. Jalada gumu na laini huwa na namba tofauti, kwa hiyo linganisha na picha ya ukurasa wa hakimiliki, si picha ya katalogi. Kitabu cha 1994 kina tarakimu 10. Mfumo wa tarakimu 13 ulianza 2007. Ukitaka kuigeuza iwe ya 13, kuongeza 978 mbele hakutoshi: tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi na hukokotolewa upya.

MsomajiTaratibu: Muulize pia kuhusu harufu ya ukungu, maana picha haiionyeshi. Ikiwepo, usikichanganye na vitabu vingine kabla hakijakauka kabisa.