Natua nchi ya watu saa 5 usiku kwa mara ya kwanza, nikishuka tu kwenye ndege nianze na nini?

Mgeni_Njiani:

Wakuu habari za humu ndani. Wiki ijayo nasafiri kwenda nje, mara yangu ya kwanza kabisa, hata ndege yenyewe sijawahi kupanda. Mambo ya kabla ya safari nimesoma mpaka macho yanauma, viza ninayo, pasipoti ina zaidi ya miezi 6, hoteli ya siku 3 za mwanzo nimeshalipia. Kinachonitoa jasho ni kile kipande ambacho kila mtu anakiruka akisimulia, yaani toka mlango wa ndege unafunguliwa mpaka najitupa kitandani. Natua saa 5 usiku, lugha ya kule najua salamu tu, na hakuna wa kunipokea. Nianze na laini? Nibadili hela hapo hapo? Na wale wa uhamiaji wanauliza nini hasa, maana mimi nikikaziwa macho napata kigugumizi utadhani nimeiba. Naombeni uzoefu, hata wa kunicheka napokea.

Bundi_wa_Saa_Tisa:

Karibu chamani mkuu. Anza na uhamiaji, ukikwama pale hayo ya laini na hela hayatakuhusu tena. Maswali ni yale yale: umekuja kufanya nini, unakaa siku ngapi, unalala wapi, unarudi lini, nani anakugharamia. Jibu ulichoulizwa ukanyamaza. Watu wanajiharibia kwa kuongeza hadithi, anaulizwa unakaa siku ngapi yeye anaanza kueleza na mpango wa kutafuta kazi akipenda mazingira, na viza yake ya utalii!! Kigugumizi hakina shida, wanaona watu waoga kila siku. Utani ndo uache kabisa.

Anwani ya hoteli na tiketi ya kurudi ziprinti, weka kwenye begi la mkononi pamoja na kalamu. Simu inaweza kuzima au ukakosa mtandao pale pale ulipoulizwa. Kuna nchi bado wanajazisha kadi ya kuingia nchini ya karatasi na nyingine wameihamishia mtandaoni, mfano Singapore na Thailand unaijaza ndani ya siku 3 kabla ya kufika na ni bure, ukiona tovuti inakudai hela ya kuijaza ujue umeshaangukia kwa wajanja.

Ukigongewa muhuri usiondoke kama umefukuzwa, simama sekunde 5 uusome. Tarehe iko sawa? Siku ulizopewa ni ngapi? Viza kuisha tarehe fulani haimaanishi unaruhusiwa kukaa mpaka tarehe hiyo, hapa wengi wanachanganya. Marekani kwa mfano kinachohesabika ni rekodi yako ya kuingia, wanaiita I-94, unaitazama mtandaoni, sio tarehe iliyoandikwa kwenye viza. Kosa likionekana ukiwa bado kaunta linarekebishwa pale pale, ukija kuligundua siku ya kuondoka hayo ni mengine.

MamaBegiMoja:

Mdogo wangu mimi nakuongelesha la begi tu kwa sababu lilishanitoa machozi. Nilitua mahali, nikasimama pale kwenye mkanda unaozunguka, watu wanachukua mizigo wanaondoka, mwisho tukabaki mimi na sanduku moja la bluu lisilo na mwenyewe, mara mkanda ukazimwa. Nimechoka, usingizi umenibana, nikajiambia nitawapigia kesho. Kesho yake naambiwa ulitakiwa uripoti kabla hujatoka mle ndani, dawati la mizigo liko humo humo ukumbini, na ukishapita forodha kurudi ndani ni mtihani. Begi lilikuja kupatikana lakini nilivyozungushwa nisikusimulie.

Kwa hiyo lisipotokea, au likitokea limepasuka, nenda pale dawatini wakuandikie ripoti, wenyewe wanaiita PIR, utapewa namba ya herufi 5 na tarakimu 5 ndo ya kufuatilia. Waachie anwani ya hoteli na simu inayopatikana huko uliko, sio ile uliyoizima. Kile kistika wanachokubandikia kwenye bodingi pasi ukikabidhi mzigo usikitupe. Na ripoti peke yake haitoshi, kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao nchi nyingi zimo, begi lililoharibika unaandika malalamiko kwa maandishi ndani ya siku 7 toka ulipolipokea, lililochelewa ndani ya siku 21 toka ulipokabidhiwa, na zikipita siku 21 toka siku lilipotakiwa kufika na bado halijaonekana unalihesabu limepotea, unadai kama limepotea.

Nguo moja ya kubadili, mswaki na dawa zako vikae mkononi. Wakati unalisubiri ukinunua vya lazima tunza risiti uwadai, ila viwe vya lazima kweli, sio begi limechelewa siku moja mtu anaenda kununua suti.

Fundi_Nyaya:

Nije na simu. Ukiwa bado umekaa kwenye ndege zima data ya romingi, la sivyo simu ikishika tu mnara wa kule inaanza kushusha mapicha ya magrupu kimya kimya na bili inakungoja. Kama simu yako inakubali eSIM, yaani laini ya ndani ya simu isiyo na kadi ya kuchomeka, nunua kabla hujaondoka, ukitua unaiwasha umemaliza, kwa mtu wa saa 5 usiku hakuna njia rahisi kama hiyo. Kama haikubali basi hakikisha haijafungwa kwa mtandao mmoja, na laini ya uwanjani huwa ghali kuliko ya mjini lakini saa hizo mjini nani amefungua? Pasipoti iwe karibu, nchi nyingi hawakusajilii bila hiyo. Ukiwa mkaaji wa muda mrefu ulizia na usajili wa simu yenyewe, Uturuki simu ya nje ukiitumia na laini ya kule unapewa siku 120, zikiisha hujaisajili inafungiwa.

Laini ya nyumbani USIITOE ukaitupia kwenye pochi. Benki wanatuma namba ya kuthibitisha muamala kwa meseji kwenye laini hiyo hiyo, utajikuta una hela na huwezi kuigusa. Ramani ya mji pakua kabla ukiwa na waifai, GPS haihitaji bando.

Halafu plagi. Adapta inabadilisha meno tu, umeme haiugusi. Soma yale maandishi madogo kwenye chaja, ikiwa imeandikwa 100-240V chomeka popote duniani. Chaja za simu na laptop karibu zote ziko hivyo, shida ni pasi na draya za nywele. Japani umeme wao volti 100, Marekani 120, Ulaya 230, sasa draya ya volti 120 ukiichomeka Ulaya itatoa moshi, na ya volti 230 ukiipeleka Japani inapuliza kama mgonjwa anayehema.

kobe_mtembezi:

Kwenye hela nawapinga mapema kabla hamjaanza. "Usibadili hela uwanjani" ni ushauri wa wanaotua mchana. Viwango vya yale madirisha ni vibaya kweli, nakubali, lakini usiku huna hata senti ya kule utamlipa nani? Tafuta ATM ya benki, sio zile za kampuni za kubadili fedha, utoe ya teksi na ya siku ya kwanza basi. Nyingine kesho mjini kwa utulivu.

Hapo kwenye ATM kuna mtego mmoja. Mashine itakuuliza kwa upole kama unataka ikukate kwa sarafu ya nyumbani kwako, utaona wanakujali. Kataa. Chagua sarafu ya nchi uliyopo, kazi ya kubadili ifanywe na benki yako. Ukikubali, wenye mashine ndo wanapanga kiwango na hawapangi cha kukufurahisha. Swali hilo hilo utalikuta ukilipa kwa kadi hotelini na dukani, jibu ni hilo hilo. Taarifu benki yako kwamba unasafiri wasije wakafunga kadi, beba kadi 2 na zisikae pochi moja. Na omba noti ndogo, dereva wa usiku hana chenji, naona ni ugonjwa wa dunia nzima.

Mgeni_Njiani:

Dah ahsanteni sana, hilo la ATM ningeingia mzima mzima. Sasa nikishatoka mle ndani, teksi? Nasikia kuna wanaokuja kukushika begi wakikuita rafiki yangu.

mwanamtaa_77:

Anayekufuata ukumbini sio dereva wako, hata kama kavaa beji. Dereva halali yuko nje kwenye foleni chini ya kibao, wala hana haja ya kukukimbilia. Kabla hujatoka uliza dawati la taarifa nauli ya kawaida mpaka hoteli yako, viwanja vingine vina bei maalum iliyobandikwa kabisa. Anwani iwe imeandikwa kwa herufi za kule na uipige skrinishoti, kuna nchi ukimwonyesha dereva herufi hizi zetu anakutazama tu. Ukiita kwa programu ya simu linganisha namba ya gari, na usimtajie jina lako, muulize yeye amekuja kumchukua nani.

Afu waandikie hoteli LEO kwamba utafika usiku wa manane. Kuna wanaodhani hutokei, chumba wanampa mtu mwingine.

Na kesho yake ukivuka barabara angalia magari yanatokea upande gani. Usicheke, London wameandika kabisa kwenye lami uangalie kulia, sio urembo ule.

Bundi_wa_Saa_Tisa:

Nimesahau forodha. Ukibeba taslimu nyingi tangaza, Ulaya ni kuanzia euro 10,000, Marekani ikizidi dola 10,000, na kutangaza sio kulipia, unajaza fomu unapita na hela yako yote. Dawa ziache kwenye pakiti zake na cheti cha daktari, maana dawa ya kawaida kwenu kwingine ni kesi, Japani za mafua zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 haziingii. Namba ya ubalozi andika kwenye karatasi. Ikitokea umeshikiliwa una haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe, ipo kwenye Mkataba wa Vienna wa 1963.

Mgeni_Njiani:

Wakuu nimefika, leo siku ya 3. Uhamiaji niliulizwa maswali 2 tu, nikajibu, nikagongewa, nikausoma muhuri wangu hadi yule dada akacheka. Usingizi ndo sielewi, saa 9 usiku macho makavu, Bundi sasa nimejua jina lako lilikotoka.

Begi halikuja! Ila nilienda dawatini moja kwa moja nikaandikiwa PIR. Limeletwa hotelini leo mchana, gurudumu moja halipo. Nimepiga picha. Mama BegiMoja, nilipanda ndege 2 za mashirika tofauti, hiyo barua ya siku 7 naiandikia lipi?

MamaBegiMoja:

Iandikie ile ya mwisho iliyokufikisha, huwa ndo wanaoshughulikia, na ripoti unayo kwao tayari. Ya kwanza nayo unaweza kuidai kwa ule mkataba, kwa hiyo watumie nakala wasije wakarushiana mpira. Weka namba ya PIR, picha na kile kistika. Barua pepe inatosha ila iwe leo, usingoje ya 7. Na begi usilitupe mpaka wajibu, wakitaka kulikagua uwe nalo.