Naomba ushauri: lenzi inashika umande nikipiga picha za nyota

Habari za jioni wakuu. Niko Uyole, Mbeya, mwaka wa pili sasa napiga picha za mwezi na nyota kwa kupenda tu.

Mwezi nimeshaumudu: lenzi ya milimita 250, ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), na lenzi kubaki wazi kwa 1/125 ya sekunde. Mwanzoni ulikuwa unatoka kama sahani nyeupe, hadi nilipoelewa kuwa unamulikwa na jua, hivyo unataka mipangilio ya mchana. Na ukiwa nusu unapendeza kuliko ukiwa mpevu, maana vivuli vya mashimo yake vinaonekana vizuri.

Shida ni nyota. Natumia milimita 18, sekunde 15, ISO 3200. Picha tatu nne za kwanza safi kabisa, kisha umande unatanda kwenye kioo na betri inashuka haraka kwa baridi hii yetu. Nikifuta, muda si mrefu umerudi.

Julai, siku zisizo na mbalamwezi, nataka kwenda kulala Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, na huko baridi ni kali zaidi. Mnazuiaje umande? Kuna aliyejaribu kufungia lenzi kitu cha moto bila kuiharibu? Na betri za akiba mnazitunza wapi?